Fundi Turubai Anayetaka Utani Wake Urudi

Saa saba mchana, upepo bado haujashuka kutoka mlimani. Maji ya bwawa yametulia kama chai iliyosahauliwa mezani. Boti mbili ndogo zimelala ukingoni, matanga yamelegea.

Kondo Kobelo ameinamia tanga lake. Mkono wa kulia umeshika sindano nene ya kushonea turubai, wa kushoto umeshika uzi wa nailoni. Anatunga mara moja tu, uzi unapita. Kisha anainua uso na kuwatazama wenzake, kama mtu anayesubiri jambo.

"Umepita, kaka Kondo," anasema kwa upole mwanamke aliyekaa kwenye jiwe la jirani. "Hongera."

Kondo anarudisha macho kwenye tanga. Hakuwa akisubiri hongera.

"Zamani angeniambia nikaazime macho ya mbuzi," anasema baadaye, mwanamke yule akiwa mbali. "Sasa ananipongeza kwa kutunga uzi. Mimi, fundi wa miaka thelathini na moja!"

Kondo ana umri wa miaka 57. Ni mzaliwa wa Matombo, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, na kibanda chake cha kazi kiko Mji Mpya, Morogoro Mjini. Anashona maturubai ya bajaji, vifuniko vya malori na viti vya bodaboda. Turubai zima la bajaji hulishona kwa siku mbili, na likiisha hubakiwa na shilingi elfu thelathini na tano baada ya kutoa gharama za vitambaa na uzi.

Hiyo ni Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili ni ya tanga.

Morogoro haina bahari, na haijawahi kuiomba. Ina mlima, na mlima una upepo wake unaoteremka mchana. Upepo huo hupita juu ya bwawa la zamani la shamba moja la mkonge, nje kidogo ya mji, ambalo wenye shamba hawalitumii tena ila kwa kunyweshea ng'ombe. Hapo ndipo Kondo na wenzake huenda kuendesha boti, si kwa samaki wala kwa nauli. Wanaendesha kwa sababu wanapenda.

Ilianza miaka tisa iliyopita. Mhadhiri mmoja aliyekuwa akistaafu aliacha boti yake ya mbao kwa mlinzi wa bwawa, Dominiko Mkude, mkulima wa mboga kutoka Mgeta ambaye sasa ana miaka 64. Dominiko hakujua kazi ya boti. Aliigeuza hori la kulishia mbuzi.

"Ilikuwa hori zuri," anasema Dominiko. "Mbuzi hawakulalamika."

Tanga alilipeleka kwa Kondo likatwe, liwe kitu cha kuanikia mahindi. Kondo alilitandaza barazani, akaupima mshono wake kwa vidole, akakataa kulikata. Alilishona bure kwa sharti moja: siku likirudi kwenye boti, naye awemo.

Siku ya kwanza boti iliporudi majini, walinasa kwa saa tatu ndani ya matete. Hakuna aliyejua kwamba tanga likilegezwa upande mmoja, usukani nao lazima ujibu. Aliyewatoa ni mwanamke aliyekuwa akipita ukingoni na baiskeli. Alisimama kuwatazama, akacheka mpaka akakaa chini, ndipo akawarushia kamba.

Mwanamke huyo ni Devotha Mihayo, sasa ana miaka 46, muuza vipuri vya baiskeli sokoni. Ni Mnyamwezi wa Tabora. Kwa Waluguru, huyo ni mtani, na mtani haombi ruhusa. Jumapili iliyofuata alikuwa ndani ya boti.

Tangu hapo boti hiyo, iliyopewa jina la Kinyonga kwa viraka vyake vya rangi rangi, haijawahi kwenda kimya. Devotha humwambia Kondo kwamba boti inalala upande kwa sababu nahodha ana mguu mmoja mfupi, kama Waluguru wote wanaolima kwenye mteremko. Kondo humwita "mzigo wa Tabora" na kumtaka ahamie nyuma boti isizame. Dominiko huvuta kamba na kuwaombea wote wawili msamaha kwa Mungu, kwa sauti, wasikie.

Wana sheria moja. Hakuna kugusa dini ya mtu, mfuko wake wala nyumba yake. Mengine yote ni halali, na anayeshika usukani ndiye anayekula maneno mengi kuliko wote.

"Ukiona huambiwi kitu," anaeleza Kondo, "ujue wewe ni abiria."

Na kwa miezi minne sasa, Kondo ni abiria.

Mkewe, Hafidha, ndiye aliyegundua kwanza. Mwishoni mwa mwaka jana Kondo alianza kutunga sindano kwa kupapasa. Kisha akashona turubai la bajaji na kuweka dirisha la plastiki juu, kwenye paa.

"Dereva alirudi, nikadhani amekuja kugomba," anasimulia Hafidha. "Kumbe anasema abiria wamelipenda, usiku wanaona nyota. Nilicheka. Halafu nikamtazama mume wangu, yeye hacheki."

Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kondo aliwaficha wenzake. Aliogopa kunyang'anywa usukani.

Jumapili ya pili ya Machi, Kinyonga ilikuwa ikishindana na boti ya Abdulatif, karani wa mizani ya mazao anayekuja kwa basi kutoka Gairo kila mwisho wa mwezi na pale anapopata nafasi. Katikati ya bwawa kuna mnara mfupi wa zege uliokuwa na mlango wa kufungulia maji. Boti huuzunguka na kurudi. Devotha alimwambia Kondo akate kushoto. Kondo alijibu kwamba mnara anauona.

Hakuuona. Boti iligonga zege, Devotha akarushwa mbele na kuangukia mkono. Mfupa wa kifundo ulipasuka. Alifungwa plasta wiki sita.

Kilichofuata ndicho Kondo anachokijutia kuliko ajali yenyewe. Siku ya tatu alivaa kanzu na kofia, akamchukua Hafidha na mzee mmoja wa mtaa, akabeba jogoo mwekundu, akaenda nyumbani kwa Devotha kuomba radhi. Alikaa kwenye ukingo wa kiti. Alimwita "dada Devotha".

Kwa desturi, mtani haombwi radhi namna hiyo. Akikuumiza unamtoza, unamsema mbele za watu, anakujibu, yanaisha. Ukimwendea na kanzu na mzee, umeutoa utani mezani na kuweka jambo zito mahali pake.

"Najua," anasema Kondo. "Lakini utani haufuniki uongo. Nilikuwa nimewaficha macho yangu. Sikuona namna ya kuufanyia mzaha."

Devotha alimpokea jogoo kwa mikono miwili, ingawa mmoja ulikuwa na plasta. Alisema amesamehe. Tangu siku hiyo hajamwita Mluguru hata mara moja. Anamwita kaka Kondo.

Kondo anaamini bado ana hasira. Devotha, akiulizwa peke yake, anatikisa kichwa.

"Hasira ya nini? Mkono umepona," anasema. "Mimi niliogopa. Mtu ananiita mzigo miaka tisa, ghafla anakuja na kanzu ananiita dada. Nikasema huyu anaaga. Labda daktari amemwambia jambo. Sasa utamtania vipi mtu anayeaga?"

Na upole huambukiza. Dominiko alichukua usukani bila neno. Abdulatif alianza kumwamkia Kondo "shikamoo" kwa kuinama, ilhali zamani aliitoa akiwa ameshamgeuzia mgongo. Mwezi wa Mei Kondo alipasuliwa jicho la kwanza, Juni la pili. Matibabu yalikula shilingi laki sita na nusu, na wiki saba hakushona. Aliporudi bwawani alikuta wenzake wamemwekea mto katikati ya boti akalie.

Mto huo ni wa sponji, umevikwa turubai jekundu la bajaji. Yeye mwenyewe ndiye aliyeushona, miaka miwili nyuma, kwa ajili ya wageni.

"Nilipouona pale nikajua nimekwisha," anasema.

Leo ni Jumapili ya mwisho ya Julai. Wiki iliyopita daktari alimwambia Kondo kwamba macho yote mawili yako sawa, afanye kazi zake zote. Saa nane kasoro, nyasi za ukingoni zinaanza kuinama. Upepo umeshuka.

Wanavaa majaketi ya kuokolea, nayo ni kazi ya Kondo. Anayekawia kuzunguka mnara na kurudi ndiye atakayemenya ndizi za wote. Abdulatif na mpwa wake wameshaingia kwenye boti yao.

Kondo anaupita mto mwekundu. Anakwenda nyuma, anashika usukani.

Dominiko anamtazama Devotha. Devotha anatazama maji.

"Haya, kaka Kondo," anasema. "Taratibu tu."

Kinyonga inaondoka vizuri. Tanga linajaa, kamba inakaza, maji yanaanza kusema chini ya mbao. Boti ya Abdulatif iko mbele kwa urefu wa ng'ombe wawili. Mbele zaidi kuna mnara wa zege, wenye mchubuko mweupe wa mwezi wa Machi.

Kadiri mnara unavyokaribia, ndivyo boti inavyozidi kuwa kimya. Dominiko ameshika ukingo kwa mkono usio na kamba. Devotha ameukumbatia mkono wake wa kushoto. Hakuna anayesema kata, wala anayesema ngoja. Wanaogopa zege, na wanaogopa zaidi kumwambia.

"Devotha," anaita Kondo.

"Bee, kaka."

"Jogoo wangu yuko wapi?"

Devotha anageuka. "Jogoo gani?"

"Niliyekuletea Machi. Namtaka."

Dominiko anaiachia kamba kidogo, tanga linapiga kofi hewani.

"Unadai zawadi?" anauliza Devotha polepole.

"Haikuwa zawadi, ilikuwa radhi. Nimeiondoa. Nimefikiria, nikaona sina kosa. Mnara ndio uliokuja katikati ya njia, na wewe ulikuwa umekaa mbele na uzito wako wote wa Tabora."

Kisha Devotha Mihayo anasimama nusu ndani ya boti.

"Wewe Mluguru wewe!" anafoka. "Unanivunja mkono, unaniletea jogoo mwenye pumu, anawika saa tano za mchana kama anatangaza mnada, majirani wananisema, leo unamtaka? Umemlisha wewe? Kata kushoto! Kushoto, kipofu wewe, mnara huo mbele ya pua yako! Au daktari amekuwekea macho ya kambale?"

"Ninauona!" anajibu Kondo.

"Ndivyo ulivyosema Machi!"

"Machi nilikuwa mwongo!"

"Na leo?"

"Leo ninauona mnara, ninakuona na wewe, na bora nisingepasuliwa!"

Dominiko anaanza kuomba kwa sauti. "Bwana, wasamehe hawa, lakini anza na huyu mwenye usukani."

Kondo anasukuma usukani. Kinyonga inageuka, tanga linavuka juu ya vichwa vyao, na mnara unapita ubavuni, umbali ambao mtu angeweza kuupiga teke. Devotha anaupiga teke. Anakosa, nusura aanguke, na Kondo anacheka mpaka anasahau kukaza kamba, tanga linapoteza upepo na boti inasimama katikati ya bwawa kama hori la zamani.

Abdulatif anafika ukingoni peke yake.

"Njooni mmenye ndizi!" anapaza sauti kutoka huko. "Au niwaletee huko huko, wazee wa matete?"

Kondo anajipangusa uso kwa kiganja. Hakuna maji ya bwawa yaliyomrukia.

Ndizi zinamenywa na watatu, nahodha akiwa na kisu butu kuliko vyote, kwa hukumu ya Devotha. Anamenya huku akiambiwa kwamba anakata ndizi kama anavyokata kona. Hafidha, aliyekuja na sufuria na mkaa, anasema hajamwona akimenya kwa furaha namna hiyo nyumbani. Anaongeza kwamba wataliongelea hilo.

Sufuria linapochemka, Kondo anaufuata mto mwekundu ndani ya boti. Anaupasua mshono kwa wembe, anatoa sponji na kumtupia Dominiko akalie. Turubai lenyewe analikung'uta na kulitandaza juu ya tanga la Kinyonga, mahali palipochanika. Anapima kwa vidole, kisha anapima tena kwa macho.

Mpango wake ni kuligeuza kiraka. Desemba, kabla mvua kubwa hazijaanza, wanataka kufanya mashindano ya mizunguko minne, na amewaalika mafundi wawili wa Mazimbu wanaounda boti ya tatu kwa mbao na madumu. Anataka Kinyonga iwe na tanga jipya kabla ya hapo. Kila jioni, akimaliza kazi za bajaji, atalishona kwa saa moja.

Nani atashika usukani siku hiyo?

"Mimi," anasema, uzi ukiwa mdomoni. "Na huyu mwanamke aseme anachotaka."

"Nitasema," anajibu Devotha kutoka kwenye moshi wa jiko. "Hicho kiraka kimekaa upande, kwanza. Miguu yenu na viraka vyenu ni vilevile."

Kondo anatunga sindano. Uzi unapita mara ya kwanza. Safari hii hakuna anayempa hongera.

Kuhusu jogoo, Devotha anasema yuko hai, ana wake watano na hana mpango wa kuhama. Lakini Kondo akimtaka kweli, nyumbani anapajua.

"Aje amchukue mwenyewe," anasema. "Ila asinijie na kanzu."