Serikali Haina Watani

Mwaka tulipohesabu kazi za watu wa Korogwe nilikuwa kijana aliyemaliza kidato cha nne na hana la kufanya. Ofisi moja iliniajiri kwa muda, mimi na wenzangu wawili. Msimamizi wetu alitoka kanda ya ziwa, mtu mpole, shati limenyooshwa kwa pasi hata siku za vumbi. Tulipita mitaani tukiwauliza watu wanafanya nini: kinyozi aliyetundika kioo chake mtini, fundi baiskeli, mshona katambuga aliyekata matairi ya lori akapata viatu, akina mama waliokimbia na vikapu vya machungwa treni ikiingia kutoka Tanga. Wenye duka na wenye mwajiri hatukuwagusa. Tulitumwa kwa hawa wengine, maana serikali ilitaka kujua nani ana kazi na nani anazurura, na mzururaji arudishwe kijijini kwao akalime. Mji mzima ulilijua hilo. Ukimwuliza mtu kazi yake alijibu polepole, kama anayevuka mto juu ya gogo.

Karibu na stesheni palikuwa na mama aliyeuza uji na mihogo ya kuchemsha. Alikuwa Mzigua wa Misima, mjane. Baba yangu alikuwa Mnyamwezi aliyekuja kukata mkonge na kufia kambini. Unyamwezi kwenyewe sikuwa nimekuona, lakini kwa Wazigua nilikuwa mtani, na utani hauulizi umezaliwa wapi. Tangu nasoma, kila nilipompa yule mama shikamoo alikataa kuitikia. Alisema mtumwa haamkii, mtumwa anachota maji. Kisha alinijazia kikombe cha bati mpaka ukingoni. Sharti la utani wetu lilikuwa hilo: mtani hajibiwi sawasawa, na anayenuna ameshindwa.

Mtaa wa stesheni ulipofikiwa, zamu ya kumuuliza iliniangukia mimi. Msimamizi alisimama nyuma yangu. Wachukuzi na wapiga debe walikuwa wanakunywa uji, wakanyamaza wasikie.

"Kazi yako ni nini?"

"Kulisha Wanyamwezi," akasema. "Nikiacha siku moja mtaliwa na kunguru."

Watu wakacheka. Nikamuuliza ameianza lini.

"Tangu babu yako alipopita kwetu na pembe ya ndovu kichwani, akaomba maji, akasahau kuondoka."

Mchukuzi mmoja alipaliwa na uji. Msimamizi hakucheka. Alinivuta pembeni akauliza mama huyu ana nini. Nikamweleza utani ni nini, kwamba mbele yangu na mbele ya watu wale hawezi kujibu vingine, na kwamba sufuria ile anayoiona ndiyo kazi yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema utani anaufahamu kwa kusikia, na hana ugomvi nao.

"Lakini serikali haina watani," akasema.

Akaenda kumuuliza mwenyewe. Yule mama alimtazama, akanitazama mimi niliyesimama pale, akatazama wateja waliokuwa wakingoja. Nilimwona akifikiri. Kisha akasema, "Mwulize mtumwa wangu, yeye ndiye anayejua kusoma." Vicheko vikapanda tena. Jioni msimamizi alituambia kwamba anayelifanyia mzaha zoezi hili hana kazi, na yule mama akahesabiwa hivyo.

Asubuhi iliyofuata alikuja ofisini. Alivaa khanga mpya na viatu. Aliponiona mezani alisita mlangoni, akamwomba msimamizi anitoe nje kwanza. Nikatoka, nikakaa kwenye ngazi chini ya dirisha. Ndipo nikaisikia sauti yake ya kawaida, ambayo sikuwahi kuisikia. Ilikuwa ndogo. Alisema anapika uji kila siku alfajiri tangu mumewe afariki. Alisema Misima ana shemeji mwenye wake wawili, na shemeji huyo amekwisha kusema kwa wazee kwamba mjane wa ndugu yake ni wake. Alimkimbia huyo. Akirudishwa, atashushwa mlangoni kwake.

"Baba, mimi sili cha mtu," akasema. "Niacheni nipike."

Msimamizi alimjibu kwa upole, kama alivyomjibu kila mtu. Majina yamekwisha kupelekwa wilayani. Na kijijini siku hizi kuna shule na kisima, hatapata taabu.

Alipotoka alinipita pale ngazini. Nilijua pahala moyoni panapopaswa kuuma. Nilipatafuta, sikupaona. Nilisimama nikampisha tu.

Siku ya lori tulipangwa kusimamia wanaopanda. Wengine walilia, wengine waligombana na mgambo juu ya vyombo vyao. Yeye alipandisha sufuria zake kwanza, kisha akapanda. Nilikuwa nimevaa kofia ya pama aliyoniachia baba. Lori lilipoanza kunguruma aliinama akainyakua kichwani mwangu, akaivaa juu ya mtandio.

"Ukiitaka ifuate Misima," akasema. "Uje na kuku, mtumwa wewe."

Kazi ile iliisha na mimi nikaondoka Korogwe. Nilikaa Mombo, nikakaa Dar es Salaam, nikauza mitumba Morogoro. Hata Tabora nilifika, nikaishi na ndugu wa baba miaka kadhaa. Walinipokea vizuri. Lakini pale kila mtu alikuwa Mnyamwezi mwenzangu, hakuna aliyenitukana kwa namna ile, na kikombe changu kilijazwa kama cha mgeni. Kila mahali nilikumbuka mahali pengine. Ndivyo nilivyo, na sasa nimeingia miaka ya arobaini.

Juzijuzi nilipata lifti ya lori la mahindi lililopita Handeni, nikashuka, nikanunua kuku, nikaenda Misima. Barabarani niliambiwa kwamba yule mama amefariki na arobaini yake imekwisha kusomwa. Nikaendelea kutembea, kuku mkononi, kwa kuwa sikujua la kufanya na kuku.

Shemeji yake alikuwa mzee sasa, amekaa kwenye kigoda na fimbo yake. Nilimpa shikamoo, nikajieleza. Akasema, "Mnyamwezi wa kofia." Akaagiza ikaletwe. Akanilalamikia kwamba siku ya maziko hapakuwa na mtani hata mmoja wa kuvuruga, wakamzika kimya kimya kama wezi. Akainuka, akaniongoza kaburini, na akina mama wa jirani wakatufuata.

Walisimama wakinisubiri. Mtani hulala juu ya kaburi, hudai fidia, humsema marehemu mpaka wafiwa wacheke. Mimi nilikuwa mtupu. Sikuwa na tusi wala chozi. Nilipofungua mdomo lilitoka lile swali la zamani, nikauuliza udongo.

"Kazi yako ni nini?"

Kisha mzee akakohoa, akajibu kwa niaba yake.

"Kunikataa mimi."

Akina mama ndio walioanza kucheka, wameficha midomo kwa khanga. Mtani akianza haachi, kwa hiyo nikauliza ameianza lini.

"Siku tuliyomzika ndugu yangu. Lori lilimshusha mlangoni kwangu, akabeba sufuria zake akavuka kijiji chote. Akajenga kule mwisho, akapika uji wake."

"Na mshahara alipata?"

Mzee aliegemea fimbo.

"Alipata," akasema. "Amefia kitandani kwake mwenyewe."

Nikampa kuku, naye akanipa kofia. Ilinuka moshi wa kuni. Niliishika mkononi mpaka barabarani, na nilipoivaa, niliivaa kwa sababu ya jua.