Magoti ya Honorata

Honorata wa kijiji cha Kighare hakuwa na ruhusa ya kukasirika. Hasira ikimpanda tu, magoti yalilegea, taya likaanguka, akaenda chini mzima mzima. Akicheka sana, vivyo hivyo. Mchana nao usingizi ulimvamia popote, hata akipalilia kahawa, jembe mkononi. Wengine walisema ana pepo. Wengine, uvivu uliotafutiwa jina. Wasilolijua ni kwamba akianguka kwa hasira hakuwa amelala. Mwili ulikufa ganzi, masikio yakabaki kazini.

Mumewe alipofariki, shemeji yake Aminieli alirudi mlimani kutoka tambarare, ambako shamba la mkonge lilikuwa limepunguza wafanyakazi. Bei ya kahawa ilikuwa imeporomoka, wanunuzi binafsi wanapunja mizani, lakini ardhi ni ardhi. Akaitaka. Akaitisha kikao cha ukoo uani kwa Honorata mwenyewe.

"Shemeji," alianza, akitabasamu, "kaka yangu alikufa anaomba maji, wewe unakoroma."

Alijua anachokifanya. Honorata aliuma midomo, akakaza macho kwa kuku waliokuwa wakichakura. Haikusaidia. Akaporomoka vumbini.

"Mmeona?" Aminieli akasema. "Huyu atalinda mali gani?"

Mzee Yona, mkuu wa ukoo, akacheka puani. "Mwache alale. Akiamka tutamwambia alishakubali. Shamba la juu chukua wewe, la bondeni nitalitunza mimi."

"Na mbuzi?" aliuliza Leticia, wifi yake Honorata. "Au mimi si mtu?"

Nguvu zilimrudia Honorata kuanzia vidoleni. Alikaa kitako, akatema vumbi, akasema polepole, sauti imepoa kama maji ya mtungini:

"Shikamoo, Mzee Yona. Bondeni hupati. Aminieli, juu hupati. Wifi, mbuzi wangu watazeekea kwangu."

Mzee Yona alisahau kuitikia.

"Alikuwa anatusikia!" Leticia alinong'ona, akirudi nyuma.

"Mchawi!" Aminieli akafoka, lakini tayari wenzake walikuwa wanatafuta viatu.

Hakuna aliyethubutu kuitisha kikao kingine, na mashamba yote mawili yakabaki yake. Toka siku ile hakuna aliyemsalimu njia nzima hadi kijiji cha Shighatini, naye hakumsalimu mtu. Mwaka wa ukame Aminieli alikuja kuomba ndizi za watoto. Honorata alimsikiliza mlangoni hadi neno la mwisho, kisha akaufunga mlango.