Harufu ya Klorini

Mkuu aliyenitangulia pale kituoni aliondoka kwenda kuishi kwa watoto wake Bukavu. Siku ya mwisho alinizungusha kwenye matangi, pampu na ghala la dawa, akanikabidhi funguo. Nikamuuliza kuhusu wafanyakazi, "Na bantu je?"

"Bantu utabajua weye mwenyewe," akasema, akapanda pikipiki.

Kituo chetu kiko juu kidogo ya mji wa Uvira, pale mto unapotoka milimani. Tunachukua maji ya mto, tunayatia shabu ili tope litulie chini, kisha klorini ya kuua vijidudu, halafu yanashuka kwa mabomba hadi kwenye robine, zile bomba za kuchotea maji mitaani. Si kituo kikubwa. Kinasimamiwa na kamati ya wakaaji, na ekipe yetu, yaani timu ya kazi, ilikuwa ya watu wachache tu.

Kulikuwa na fundi wa mabomba, mtu mzima wa familia ya wafanyabiashara Waislamu wa hapa ziwani, mwenye kiduka cha vipuri kule mtaa wa Kimanga. Huyo alikuwa mcheshi. Hata akiwa ndani ya shimo la tope hadi shingoni alikuwa na neno la kuchekesha. Mtu wa pampu alikuwa shemasi wa kanisa la Kiprotestanti, mkulima wa bonde la Ruzizi, mpole, mwenye kufika kabla ya kila mtu. Na kulikuwa na msichana wa Bijombo, aliyeshuka mlimani kusoma shule ya ufundi hapa mjini, akabaki. Yeye ndiye aliyepima klorini.

Nilipoanza, yule dada alikuwa hasemi. Ungeweza kukaa naye siku nzima ukapata "ndiyo" na "sawa, Shefu". Kazi yake ilikuwa safi, lakini ukimuuliza mbele ya wenzake kwa nini dozi ya leo si ya jana, alitazama viatu vyake. Alikuwa na lafudhi ya milimani, na alijua kwamba watu wa chini wakiisikia wanageuza shingo.

Mimi nilikuwa na imani moja kuhusu kuongoza watu, wala sikuisoma popote: mtu akipewa kazi kubwa kidogo kuliko anavyojiona, ataifikia. Basi nikampa kikao cha Jumatatu asubuhi akiendeshe yeye. Mara ya kwanza alisema kwa sauti ndogo mno hata fundi wa mabomba akaweka mkono sikioni.

"Dada, pompi iko inalia kukupita weye. Ongeza kidogo."

Tukacheka wote, na yeye akacheka, akaongeza sauti. Nadhani siku hiyo ndipo alipokuwa mmoja wetu.

Baada ya hapo nikataka kila mtu ajue kazi ya mwenzake, ili mmoja akiugua maji yasikatike. Yule dada akawafundisha wote kupima klorini. Alimwonyesha fundi namna ya kuchota maji kwenye kichupa, kutia kidonge, na kuangalia rangi ya waridi inavyokolea. Fundi alikosea mara nyingi, akafanya mzaha, akakosea tena, mpaka akaweza. Fundi ndiye aliyeanza kumwita yule dada "shefu mudogo", na jina likamkaa. Nilipopendekeza kwa kamati kwamba awe msaidizi wangu, wakatazamana, kisha wakakubali. Alianza kushuka mitaani kueleza akina mama kwa nini bidoni za kutekea maji zisafishwe, kwa nini maji ya robine yanywewe na ya ziwani yasinywewe. Alisimama kati yao na kusema kwa sauti ya kusikika. Nilikuwa namtazama kwa mbali, na najua kuwa nilikuwa na furaha.

Kisha vita vikakaribia.

Watu walianza kuingia mjini kutoka bondeni na magodoro vichwani. Milio ya bunduki tulikuwa tunaisikia kutoka upande wa milima. Vijana walisimama kwenye njia panda wakiangalia nyuso za watu wanaopita, na kwa kuwa watu wa milimani walidhaniwa kuwa upande wa waasi, mtu yeyote mwenye sura ya kule juu alianza kufikiri mara mbili kabla ya kutoka nyumbani. Yule dada aliendelea kuja kazini. Fundi wa mabomba ndiye aliyempitia asubuhi, wakapanda pamoja kwa miguu, na sikumwomba afanye hivyo.

Katika wiki hizo mvua kubwa ilinyesha juu, mto ukashuka ukiwa mwekundu kama udongo wa tofali. Maji machafu namna hiyo yanakula klorini nyingi. Yule dada akapandisha dozi, akaniuliza, nikapima mwenyewe, nikakubali. Ilikuwa sahihi kabisa. Lakini harufu ilisikika kwenye robine kuliko siku nyingine.

Asubuhi moja akina mama walifika robineni, wakanusa, wakarudi na bidoni tupu. Tulisikia maneno kutoka kwa motari, mwendesha pikipiki aliyempandisha shemasi: bantu wanasema maji yametiwa sumu, na anayeyatia ni yule wa Bijombo.

Kabla ya saa sita walikuwa mlangoni kwetu. Si umati mkubwa. Wakaaji wa mitaa miwili mitatu, mkuu wa avenyu, yaani wa mtaa, mbele yao, vijana nyuma. Nilitoka na ekipe yote. Nilieleza tope, nikaeleza dozi, nikachota kikombe cha maji nikanywa. Yule dada pia akachota, akanywa mpaka mwisho, taratibu, mbele yao.

Mwanamke mmoja, ambaye nilikuwa nimemwona akimsikiliza dada mitaani na kuitikia kwa kichwa, akasema, "Weye unakunywa sababu unajua dawa yake. Siye hatujue."

Ndipo nikamgeukia fundi wa mabomba. Wote pale walimjua. Alikuwa mtoto wa hapa, amewatengenezea robine, amezika nao. Nikamwambia, "Papa, weye ulifundishwa hii kazi. Unaweza kuifanya kwa mikono yako. Waambie ni nini iko ndani ya maji."

Alikuwa ameshika spana. Akaiangalia, akaigeuza upande wa pili.

"Minye niko wa mabomba tu," akasema. "Mambo ya dawa sijue."

Nikamtazama shemasi. Shemasi akasema kwamba tuombe Mungu atupe amani. Mkuu wa avenyu akasema, "Mumesikia," ingawa hakuna kilichokuwa kimesemwa, na watu wakaanza kushuka. Hawakuvunja kitu wala kumgusa mtu. Kijana mmoja tu aliokota jiwe, akalichezea mkononi, akalitupa mtoni.

Kesho yake niliita kikao. Yule dada hakuja, nilikuwa nimemwambia akae ndani. Nilimuuliza fundi kwa nini alikana kuijua kazi. Hakukasirika. Aliongea kwa upole kuliko nilivyowahi kumsikia.

"Shefu, minye niko na watoto mu ile avenyu. Nikimutetea leo, kesho watasema minye na yeye tuko moja. Weye utakuja kulala kwangu, ulinde mulango?"

Nilikuwa na maneno mengi kuhusu ekipe, kuhusu kusimama pamoja, maneno niliyokuwa nikiyasema kila Jumatatu. Hakuna hata moja lililofaa kwa mtu aliyeniuliza kuhusu mlango wake. Shemasi alikuwa anafuta miwani na hakuinua macho.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kamati. Nikamwambia kwamba yule dada hana kosa, na kwamba kamati ikitoa neno moja tu hadharani, watu watatulia.

"Najua hana kosa," akasema. "Akae nyumbani mpaka mambo yapoe."

"Na yakikosa kupoa?"

"Basi akae."

Nilimpelekea dada habari hiyo mimi mwenyewe. Alikuwa amekwisha kufunga begi. Ndugu yake mmoja alikuwa Bujumbura, akasema atakwenda huko, na kama huko hakuna nafasi ataingia kambini kama wengine. Tukachukua pikipiki mbili tukaenda mpakani mchana, wakati barabara ina watu wengi. Alijifunga kitenge kichwani hadi karibu na macho. Hakuna aliyetusimamisha.

Pale mpakani kulikuwa na foleni. Tukiwa tumesimama alianza kunieleza mambo ya kazi: tope likizidi, shabu kwanza, subira, kisha klorini, shemasi ana tabia ya kuharakisha, nimwangalie. Nikamwambia nitamtunzia nafasi yake. Akakaza kitenge kichwani.

"Shefu," akasema, "zamani nilikuwa ninanyamaza. Hakuna muntu alikuwa ananijua. Nilikuwa napima dawa yangu, narudia nyumbani. Ni weye ulinifundisha kusimama mbele ya bantu."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini bomba lilipasuka. Sijui kama alitaka kunishukuru au kunilaumu, na foleni ikasogea kabla sijauliza. Alitoa kitambulisho chake, akapita. Nilimpigia simu mara chache baadaye. Mwanzoni alipokea. Siku hizi namba yake haiiti.

Baada ya yeye kuondoka, kamati ikatuagiza harufu isisikike. Shemasi akapunguza dozi. Nilipinga, nikapandisha, malalamiko yakaja, kamati ikaniita, tukapunguza tena. Hata hivyo wengi walikuwa wamekwisha kurudi kuteka ziwani. Kipindupindu hakikukawia. Nilipita mbele ya mahema ya wagonjwa nikiwa kwenye pikipiki, nikaona akina mama wamekaa nje chini ya jua na bidoni zao, na mmoja alikuwa yule mwanamke aliyekataa maji yetu siku ile. Aliniamkia. Nikaitikia.

Fundi wa mabomba hakudumu. Siku moja alifunga kiduka, akapanda boti na familia yake kuelekea Kigoma. Aliniaga kwa mkono, bila mzaha wowote. Tumebaki na shemasi na wafanyakazi wawili wapya walioletwa na kamati. Ni watu wazuri. Ninawaonyesha pampu na vali, wanashika haraka, na kikao cha Jumatatu naendesha mwenyewe. Simwombi mtu asimame.

Majuzi mwenyekiti aliniambia nitaje msaidizi mpya, kwa kuwa nami ninazeeka. Nilirudi kituoni nikamweleza shemasi, kwa sababu ndiye pekee anayeijua kazi yote. Alikuwa anamimina shabu. Hakuacha kumimina.

"Shefu, nakuomba," akasema. "Minye usinitaje."

Nikamwambia sawa. Mto ulikuwa umechafuka tena, nikamshikia ndoo.