Namba Tulizotuma Kutoka Kagarama

Mwaka 1990 nilikuwa mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari Kigali, na jioni nilikuwa mwandishi wa Daktari. Hakuwa daktari wa hospitali. Alisomea nyota Ubelgiji, akarudi Kagarama, mtaa wa Kigali, na kasha la vitabu na darubini fupi, nene, ambayo majirani waliiita bomba. Alikuwa akifuatilia nyota moja ya kusini inayofifia na kung'aa tena kwa miezi kadhaa. Yeye alipima mwanga wake kwa jicho na kunitajia kipimo, mimi nikaandika. Mtafiti mwenzake aliyebaki Ubelgiji hakuweza kuiona nyota hiyo kutoka kwao, kwa hiyo kila mwezi tulimtumia namba zetu kwa posta, naye akazichora na kuzitafutia maana. Makala mbili zilikuwa zimeshatoka na majina yao wawili. Ya tatu, Daktari alisema, ingekuwa na langu pia.

Oktoba vita vilianza kaskazini, na serikali ikapiga marufuku kutembea usiku. Siku za kupima nikawa nalala kwao, chumba cha wageni, na mke wake alinitandikia kitanda bila kuombwa. Uani tulitumia tochi niliyoifunga kitambaa chekundu.

Jioni moja konseye wa sekta, mkubwa wa serikali mtaani kwetu, aliingia bila hodi, na wanaume wawili nyuma yake.

"Daktari, hii bomba iko naona mpaka wapi?"

"Mbali sana. Njoo uangalie."

Aliinama, akaangalia kwa muda mrefu. "Na hii taa nyekundu, muko naonyesha nani?"

"Hakuna mtu. Ni ya kuandikia. Nyeupe inaumiza macho."

Akafungua daftari langu. Tarehe, saa, namba. "Hakuna hata neno moja," alisema, akaondoka nalo.

Siku ya tatu walimchukua Daktari mchana, akiwa mezani. Walitazama kitambulisho chake, kilichoandikwa kabila lake kama vya watu wote wakati ule, wakasema ni msaidizi wa adui. Wengi walichukuliwa mwezi huo. Mimi na mke wake tulipeleka chakula kwenye lango la gereza. Mara nyingine sufuria ilirudi haijaguswa. Baadaye alituambia walitaka kujua kila namba ni ya mlima gani.

Alirudi baada ya miezi mitano. Jicho lake la kulia, alilopimia, lilitoa machozi muda wote.

"Kuanzia leo wewe uangalie," aliniambia, "mimi nitaandika."

"Sina uzoefu."

"Una macho."

Ikaja barua kutoka Ubelgiji, bahasha ikiwa imefunguliwa na kugundishwa tena. Kwa nini kuna pengo la miezi mitano? Nilimuuliza Daktari tujibu nini.

"Andika mawingu."

Makala ikachapwa hivyo, pengo likaelezwa kwa mawingu, na jina langu lilikuwa la tatu. Posta hatukuiamini tena. Bahasha nikawa nazipeleka kituo cha mabasi cha Nyabugogo kwa dereva wa basi la Bujumbura, azitie posta kule. Mwishoni mwa 1993 Burundi ikalipuka kwa mauaji, na dereva yule sikumwona tena.

Kagarama nako kulibadilika. Asubuhi wanaume walifanya mazoezi uwanjani na marungu, wakiimba. Siku moja nilikutana na konseye njiani, karatasi mkononi, akitoka nyumba moja kuingia nyingine. Alinisalimia vizuri.

"Mwalimu, bado muko nahesabu?"

"Bado."

"Na sisi tuko nahesabu."

Nilimweleza Daktari. Mke wake alitaka waondoke siku ileile. Yeye akasema nyota imebakiza wiki chache mwanga wake ufike chini kabisa, kipimo ambacho hakuna mwingine angekipata. Nilimkasirikia, na bado ninamkasirikia. Machi alinifanya ninakili namba zote, nizipeleke kwa shangazi yangu Ngara, upande wa Tanzania, nizitume kutoka huko.

"Utarudi baada ya Pasaka," alisema.

Nilizituma. Siku chache baada ya Pasaka, nikiwa bado Ngara, mauaji yakaanza. Wakimbizi walipofika Ngara nilimuuliza kila mtu aliyetoka upande wetu wa Kicukiro, mpaka mama mmoja wa Kagarama akanivuta pembeni. Wote wawili waliuawa uani, wiki ya kwanza. Darubini ilipasuliwa kwa shoka. Walikuwa wakitafuta redio ya mawasiliano ndani.

Mwaka uliofuata makala ya nne ilikuwa tayari kuchapwa. Mwenzake wa Ubelgiji aliniandikia kuuliza kama jina la Daktari liwekewe alama ya marehemu. Nilichukua wiki mbili kujibu, kwa kuwa mpaka hapo sikuwa nimeliandika neno hilo.