Ng'ombe Ana Ukurasa, Mwanangu Hana

Admin, nifichie jina langu. Watakaonitambua na wanitambue, nimechoka kunyamaza.

Mimi ni mjane wa miaka arobaini na sita, nalima kahawa na ndizi huku juu Olmotonyi. Mume wangu, kabla hajafariki mwaka juzi, alitengeneza wiki ya ukoo kwenye mtandao, yaani tovuti kama ile ya Wikipedia, ila ya ukoo wetu. Kila mtu ana ukurasa wake, na ukibonyeza jina lake popote lilipoandikwa, unafika kwake. Sheria yake ilikuwa fupi: ukurasa upewe jina ambalo mtu aliitwa nyumbani, na mama aunganishwe na kila mtoto aliyemzaa, awe hai au marehemu.

Binti yetu wa kwanza, nitamwita Upendo, alifariki akiwa na miaka sita. Baba yake alimwandikia ukurasa. Aliweka picha yake amevaa gamboti za babu yake, akaeleza kwamba alikuwa anaficha mayai humo ili kuku asinyang'anywe watoto.

Mama mkwe wangu hajui kusoma. Jumapili tukitoka kanisani huniambia, "Mama Upendo, nifungulie mjukuu wangu." Jumapili iliyopita nikabonyeza jina. Ukafunguka ukurasa unaoitwa "Watoto Waliofariki". Majina matupu, la Upendo katikati yao. Picha hakuna. Bibi akaisogeza simu karibu na macho. "Mbona simwoni?"

Nikampigia shemeji, mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye anayeisimamia wiki sasa.

"Shemeji, tuna utaratibu mpya," akasema. "Ukurasa ni wa mtu mzima, na uwe na jina la baba na la babu. Wadogo tumewakusanya pamoja. Mtoto wa miaka sita ana historia gani?"

"Na yule ng'ombe wako wa maziwa? Ana ukurasa, na picha tatu!"

"Ah, shemeji, yule si alishinda kwenye maonyesho!"

Nilikata simu. Mimi si mtu wa ugomvi, majirani ni mashahidi. Nikafungua ukurasa wangu. Nao umebadilishwa, sasa unaitwa "Mke wa" na jina la marehemu. Chini wameandika watoto wawili. Nimezaa watatu! Ukoo mzima unaniita Mama Upendo, lakini kwenye wiki yao hakuna njia ya kutoka kwangu kwenda kwa Upendo.

Neno la siri la mume wangu bado linafanya kazi. Nimeingia, nikaona ukurasa wa zamani wa Upendo umehifadhiwa, picha na gamboti zake. Nikitaka, naurudisha leo. Ila shemeji ameshanitumia ujumbe kwamba nikigusa kitu nitakuwa nimewadharau wazee waliopitisha utaratibu huo, na atanifungia nje kabisa.

Jumapili inakuja, na bibi ataniletea simu. Nishaurini jamani: nimrudishe mwanangu bila kumuuliza mtu, au niende kwa wazee nikaombe ruhusa ya kuwa mama yake?