Baba mkwe alikuwa anabana mkojo kwa ajili yangu, mimi nikadhani ananichunguza

Wakuu, salaam zenu. Wakubwa zangu shikamooni.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara tatu. Leo nauachia tu. Ni habari yangu mwenyewe, sikusimuliwa na jirani, na kama ningekuwa natunga basi ningejitungia nafasi nzuri kuliko hii niliyonayo humu ndani.

Mimi ni mke wa mtu, naishi Kinyerezi. Nyumba ya kupanga: vyumba viwili, sebule, jiko na choo kimoja.

Mlango wa hicho choo unafungukia sebuleni, unatazamana na kochi kubwa. Fundi aliyejenga sijui alikuwa anawaza nini. Mgeni akiingia chooni mnasikia kila kitu, mpaka mnaongeza sauti ya TV ili asione aibu akitoka.

Mume wangu ni Mnyakyusa, fundi viyoyozi. Mimi ni Mpare. Mama yake alipofariki, baba yake akabaki peke yake kule Rungwe, macho yanamsumbua, tukakubaliana aje akae kwetu. Miaka sabini na mbili, mwalimu mstaafu, suruali inapigwa pasi hata siku ambayo haendi popote.

Sasa huyu mzee alikuwa haongei na mimi.

Hakuwa mkali, msinielewe vibaya. Nikiingia sebuleni anainuka, anaenda chumbani kwake. Nikimwamkia anaitikia akiangalia ukuta. Akitaka kusema jambo anasema, "Mwambieni mkamwana chai imetosha." Na hapo tupo mimi na yeye tu, hao wa kuniambia hawapo.

Nikamuuliza mume wangu, akacheka.

"Ndo mila za wazee wa kwetu hizo. Baba mkwe na mke wa mwanaye hawakaribiani. Anakuheshimu huyo, we mwache."

Nikamwacha. Ila nyumbani kwetu baba alikuwa anakaa meza moja na wake za kaka zangu na kuwatania kuhusu chumvi, kwa hiyo moyoni nilisema haya ni maringo tu.

Miezi ya mwanzo haikuwa na shida. Tulikuwa tunatoka alfajiri wote wawili, kazi yangu iko Mwenge, tunarudi giza limeshaingia. Mzee anashinda na nyumba yake.

Kisha nikamzaa Lusajo, nikaanza likizo ya uzazi.

Wenye kulea vichanga mnajua. Asubuhi mpaka jioni nipo kwenye lile kochi, kifua wazi, nanyonyesha, nasinzia, nanyonyesha tena. Naondoka pale kwa dakika chache tu.

Ndipo nikaanza kuona mlango wa mzee unafunguka kidogo. Anachungulia, ananiona, anafunga. Baada ya nusu saa tena. Siku nzima hivyo.

Niwaambie ukweli nilichowaza. Niliwaza ananichunguza kama nafanya kazi za ndani au nalala. Nikampigia dada yangu simu, tukamsema mzee wa watu vizuri kabisa. Kuna siku kazi zote nilikuwa nimemaliza na mtoto amelala, nikakaa pale kwenye kochi makusudi, ili akichungulia anikute.

Hiyo siku naikumbuka kuliko zote.

Asubuhi alikuwa na kawaida ya kutoka kuota jua nyuma ya nyumba. Anapita sebuleni haraka, kiganja kimeziba jicho la upande wangu. Wiki kama mbili hivi zikapita, nikaenda kuanika nepi huko nyuma, nikakutana na harufu ya mkojo ukutani, pale penye kamba. Nikajua ni yeye.

Jioni nikamwambia mume wangu, na maneno niliyatafuta.

"Baba yako anakojoa ukutani kama mlevi wa kilabuni. Na nepi za mwanao zinaanikwa palepale. Kamwambie."

Akaenda. Sijui alimwambiaje. Nilimsikia mzee akijibu, "Nimesikia, mwanangu."

Tangu siku hiyo hakutoka tena kuota jua.

Chai ikawa inarudi kikombe kimejaa. Maji hagusi. Midomo ikaanza kupasuka. Chooni anaenda usiku tu, tukishaingia kulala, na akiingia anakaa weee, unasikia matone matone, kimya, matone tena. Mume wangu anasema uzee huo. Mimi nikasema uzee. Kumbe wakuu hizo ni dalili za tezi dume zilizokuwa zinatupigia kelele ndani ya nyumba, sisi tunazipa jina la umri.

Akaja kuamka na homa. Mume wangu akampeleka zahanati ya mtaani, wakapima, wakasema malaria hakuna, ila ana UTI.

Aliporudi akaninong'oneza jikoni, "Mzee wa miaka sabini na mbili, UTI kaitoa wapi?"

Na tulicheka. Hapa Dar ukiingia zahanati yoyote unatoka na UTI au taifodi, tumeshazoea, na vichwani mwetu huo ni ugonjwa wa mabinti na wa wahuni. Hatukujua kwamba mzee ambaye mkojo wake haumaliziki kutoka naye anaupata, tena kwake unakuwa mbaya zaidi.

Akapewa vidonge na maelekezo anywe maji mengi. Maji mengi, na sisi tumeshamnyang'anya pa kuyapeleka. Vidonge alikuwa anavimeza kwa funda moja.

Siku ya tatu mume wangu yuko kazini, nikamsikia mzee anaongea peke yake chumbani. Nikaingia. Akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu niolewe, akaniita kwa jina la marehemu mkewe. Akaniuliza kama ng'ombe wamerudi.

Nikafunua shuka. Limelowa lote. Na tumbo, chini ya kitovu, limevimba na kuwa gumu. Nikiligusa anaguna.

Nikampigia mume wangu, nikaita bajaji, nikambeba mtoto, tukamkimbiza mzee hospitali kubwa.

Wakamwekea mpira wa mkojo. Mfuko ukajaa, wakamwaga, ukajaa tena mpaka nusu; kumbe ule wa kwenye shuka ulikuwa unavuja tu, kibofu kimejaa. Nesi aliuinua akautazama. Mkojo ulikuwa rangi ya chai ya rangi iliyolala.

Daktari akasema tezi imekua siku nyingi na hicho ndicho chanzo. Lakini kubana mkojo na kutokunywa maji kumeharibu zaidi, maambukizi yamepanda kwenye figo na yameingia kwenye damu.

Baada ya siku chache za dawa akili ikamrudia. Daktari akamuuliza, mume wangu akiwepo, kwa nini alikuwa anajizuia kwenda chooni.

Akajibu, "Choo kiko mbele ya mkamwana wangu. Nitapitaje pale kwenda kukojoa na yeye anasikia?"

Mume wangu alinisimulia hayo tukiwa kwenye benchi la nje. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Niliporudi nyumbani nililisukuma lile kochi mpaka upande wa pili wa sebule, likaupa mlango wa choo mgongo. Nilikuwa peke yangu na halikuchukua dakika mbili. Nikakaa chini sakafuni nikalia mpaka mtoto akaamka.

Mzee akaruhusiwa na mpira wake. Figo zilikuwa zimechoka, wakasema tumwangalie kwa karibu.

Na sasa nani wa kumwaga mfuko? Mume wangu anatoka alfajiri anarudi usiku. Nilikuwa mimi.

Mara ya kwanza nilipoingia na ndoo, alivuta shuka akajifunika uso. Nikapiga magoti, nikafungua kile kizibo cha chini ya mfuko, mkojo ukawa unaingia kwenye ndoo kwa sauti, na yeye huko chini ya shuka nikamsikia analia. Mwanaume aliyefundisha watoto wa watu maisha yake yote. Nikafunga kizibo, nikatoka na ndoo.

Ikawa hivyo kila siku. Siku moja nikiwa natoka nikasikia kutoka kwenye shuka, "Mwambieni Mama Lusajo namshukuru."

Chumbani tulikuwa wawili tu.

Wiki ya tatu homa ikarudi. Safari hii hakukaa hospitali hata siku mbili, akafariki. Tukamsafirisha, tukamzika Rungwe, kando ya mkewe.

Msibani nilisikia watu wakisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilitamani kusimama nibishe. Yule hakuficha maradhi. Alikuwa na adabu, na adabu yake haikuwa na pa kukaa kwenye nyumba yangu.

Nilichojifunza ni hiki. Mkikaa na mzee, muulizeni anakojoaje. Ulizeni hivyohivyo bila kupamba, na aulize mtu ambaye mzee anaweza kumjibu. Kama mila yake haimruhusu kupita mbele yako, basi pisha wewe, toka nje hata mara tano kwa siku, au mwekeeni ndoo yenye mfuniko chumbani. Mzee akiacha kunywa maji ghafla, ana sababu. Na akianza homa na kuongea vitu visivyoeleweka, msikimbilie kusema ni uzee au kuna mkono wa mtu. Mpelekeni hospitali, mkojo upimwe na tumbo liangaliwe.

Kilichonifanya niandike leo ni hiki hapa. Baada ya mazishi, mashangazi wa mume wangu waliniita mbele ya watu wote. Wakanifunga kitenge kipya kiunoni, wakapiga vigelegele, wakasema huyu ni mkamwana wa mfano, amemhudumia baba mkwe mpaka mkojo wake ameumwaga kwa mikono yake.

Nilipokea. Nikapiga magoti, nikasema asanteni.

Mume wangu alikuwa amesimama kwenye kundi la wanaume, akiangalia chini. Yale maneno ya mlevi wa kilabuni nilisema mimi, akayafikisha yeye, na mpaka leo hatujawahi kuyaongelea. Tunakula, tunalea mtoto, tunalala.

Karibuni mchangie, hasa wenye wazee nyumbani. Na wenye matusi msijizuie, nitasoma yote. Huku nyumbani hakuna aliyenitukana.