Kambo na Ukungu Wangu

Naandika haya nikiwa bado naona aibu. Tangu nipate diploma sijapata kazi, basi juzijuzi niliazima kamera ya rafiki na kuanza kujifunza kupiga picha kwa kutazama video. Somo lililonivutia ni hili: ukifungua lenzi kabisa, yule unayemlenga anaonekana wazi, na aliye mbele au nyuma yake anageuka ukungu.

Dada yangu Mireille alipotolewa mahari, nyumbani kwetu katika mtaa uitwao Kenya, niliomba picha nipige mimi. Nikaogopa flashi za simu zitaniharibia mwanga, nikatangaza: "Bantu bote, muweke matelefone mu mifuko. Photographe iko mumoja."

Bibi yetu, Kambo, alikuwa ametoka Kamina kwa treni ili ampake Mireille pemba, ule udongo mweupe wa baraka, kwenye paji la uso. Alitaka arudi na picha ya tendo hilo aitundike kwake. Nilifungua lenzi kabisa, nikalenga macho ya dada, nikawaza mwanga, nikawaza kivuli, nikabonyeza. Kambo, aliyesimama hatua moja mbele yake, sikumuwaza kabisa. Kwenye kioo kidogo cha kamera niliona ufundi mtupu.

Jumapili tulitazama picha kwenye televisheni. Mireille aling'aa. Kambo akasogeza kiti karibu, akazikagua zote hadi mwisho.

"Na ule muntu wa moshi mwenye kumupaka pemba, ni nani?"

Wote walinigeukia mimi, simu zao mikononi bila hata picha moja ya siku ile.

"Ni Kambo mwenyewe," nikasema.